Kabla Hujabonyeza Breka: Kuvunja Zege Mombasa na Kurudi Nyumbani Mzima

Siku ya kwanza niliyoshika breka, yaani mashine ya kuvunjia zege, ami yangu alinifunga kikoi mdomoni akaniambia, "Haya, ingia kazini." Kikoi kile ndicho kilichokuwa kinga yetu yote. Ami alivunja zege zaidi ya miaka 30, kuanzia Changamwe hadi Mtwapa, na muda wote huo hakuwahi kuanguka wala kupondwa kidole. Mafundi walimsifu kwa uangalifu wake. Leo akipanda ngazi za msikiti husimama mara mbili kutafuta pumzi. Alitibiwa kifua kikuu, akamaliza dawa zote, kikohozi kikabaki. Picha ya kifua ilipopigwa tena ndipo tulipoambiwa mapafu yamejaa makovu, na makovu hayo hayatoki kwa dawa yoyote.

Ndiyo maana mtu akinijia kuniuliza akodi mashine gani, nami humuuliza kwanza: maji utayatoa wapi, na barakoa unayo?

Vumbi ndilo la kwanza

Zege ni saruji, kokoto na mchanga. Ule mchanga wa mtoni tunaochanganyia una madini yaitwayo silika. Ukivunja au kukata zege, silika hiyo husagika ikawa unga mwembamba mno. Vumbi jeupe unaloliona kwenye kope za mwenzako jioni silo baya zaidi. Baya zaidi ni lile usiloliona, lenye chembe ndogo kuliko sehemu ya mia ya milimita. Hilo halisimami puani. Hushuka mpaka ndani kabisa ya pafu, na mwili ukishindwa kulitoa hulizungushia kovu. Kovu juu ya kovu, pafu hukakamaa. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauna tiba, na mwenye nao hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mtu mwingine. Tangu mwaka 1997 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani limeiweka silika ya namna hii kati ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Marekani, kanuni ya mwaka 2016 inaweka kikomo cha mikrogramu 50 katika kila mita ya ujazo ya hewa kwa zamu ya saa 8. Hiyo ni karibu na uzito wa punje moja ya chumvi ya mezani. Punje moja katika hewa inayojaza boksi la mita moja kila upande! Ukisubiri mpaka ulione vumbi ndipo uchukue hatua, umeshachelewa sana.

Dawa yake ni maji. Mimi hutumia ile pampu ya kubeba mgongoni ya kunyunyizia dawa shambani, ya lita 16. Nunua mpya, usichukue iliyowahi kutiwa sumu ya wadudu. Mtu mmoja kazi yake ni maji tu. Husimama ubavuni mwa mwenye breka, upande usio na waya wa umeme, na kuelekeza manyunyu pale ncha ya tindo inapogusa zege. Yawe manyunyu kama ukungu, yasiwe mkondo. Mkondo hutengeneza tope na kurukia mota, ilhali vumbi lenyewe hupita pembeni. Lowesha kabla ya kuanza, nyunyiza wakati wa kuvunja, na ulowanishe tena vifusi kabla ya kuvipiga sepeto. Kufagia pakavu ni marufuku kwangu. Kijana akishika ufagio kabla ya maji, nasimamisha kazi nzima.

Maji peke yake hayatoshi, hasa ndani ya nyumba. Barakoa iwe ya kuchuja vumbi, yenye alama ya FFP2 au N95, na ukipata FFP3 ni bora zaidi. Zina mikanda miwili: mmoja hupita juu ya masikio nyuma ya kichwa, wa pili shingoni. Finya kile chuma cha puani mpaka kikae, kisha pumua kwa nguvu ukiwa umefunika mbele kwa viganja. Hewa ikitokea kwenye mashavu, haijakaa. Zile za bluu za hospitali hazizuii vumbi hili. Kikoi hakizuii. Wakati wa kaskazi jasho huilowesha barakoa kabla ya saa mbili kupita, na iliyolowa huwa ngumu kupumulia, mtu akaivuta chini ya kidevu. Kwa hiyo nahesabu barakoa tatu kwa kila mtu kwa siku, na bei yake naiweka kwenye makadirio ya kazi, wazi, mwenye nyumba aione.

Nizungumzie ndevu, maana mafundi wengi wa huku tunazo. Barakoa haishiki juu ya ndevu. Hewa chafu hupita kati ya nywele kana kwamba hujavaa kitu. Asiyenyoa kwa ajili ya dini yake simlazimishi, na simpi breka ndani ya chumba. Humpa kazi ya nje penye upepo, au kubeba vifusi vilivyokwisha lowa. Zipo kofia za kisasa zenye feni inayosukuma hewa safi usoni, na hizo hufaa hata kwa mwenye ndevu, lakini bei yake si ya fundi wa kawaida.

Isikilize sakafu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa nusura niiache roho yangu.

Ilikuwa uani, nyumba ya zamani pale Majengo. Kazi ilikuwa ndogo: kufungua mfereji wa mita sita kupitisha bomba la maji machafu. Slebu, yaani bamba la zege la sakafu, ilikuwa ya inchi nne, na jua la saa tatu asubuhi bado halijawa kali. Niliendelea vizuri kama mita mbili. Mlio wa breka juu ya zege lililokaa kwenye ardhi ni mzito na mfupi, tu-tu-tu-tu, na unausikia kwenye nyayo. Kisha mlio ukabadilika. Ukawa kama wa mtu anayegonga mtungi mtupu. Niliyasikia mabadiliko yale, wallahi, niliyasikia, na kidole hakikuachia swichi. Tindo likazama lote mara moja, mashine ya kilo 16 ikanivuta, goti la kushoto likabaki juu ya slebu na mguu wa kulia ukaingia mpaka pajani. Ilitoka harufu ya mayai viza iliyonichoma macho. Vijana wangu wawili walinivuta kwapani.

Bi mkubwa wa nyumba alitoka na kanga begani, akatazama, akasema, "Hapo, mwanangu, ndipo palipokuwa shimo la choo cha zamani. Marehemu mume wangu alilifunika." Hakunificha. Mimi ndiye sikumuuliza.

Nyumba nyingi za kisiwani na za Likoni, Kisauni na Changamwe zimewahi kuwa na shimo la choo au kisima uani, na mengi yalifunikwa kwa slebu nyembamba tu yalipojaa. Kwa hiyo sasa nafanya hivi kabla ya kufungua mashine. Namtafuta mkubwa kuliko wote katika nyumba ile, nakaa naye, namuuliza choo kilikuwa wapi, kisima kilikuwa wapi, nani alipiga sakafu na lini. Nikishindwa kumpata, nauliza jirani. Kisha nachukua mtaimbo na kugonga sakafu yote, kila hatua moja, mistari ya kwenda na ya kurudi, nikiweka chaki penye mlio wa utupu. Penye chaki natoboa tundu kwa drili yenye ncha ya milimita 10, na kushusha waya mgumu uliokunjwa ncha. Waya hunipa unene wa slebu na kunieleza kama chini kuna ardhi au hewa.

Pakiwa na hewa, sisimami juu yake tena. Shimo la choo lina gesi inayoangusha mtu kabla hajapiga kelele, na anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake. Usichungulie kwa kuinamisha kichwa, usiwashe kiberiti, wala usimteremshe mtu. Wape kazi wanaonyonya mashimo kwa lori, kisha shimo lijazwe, ndipo uendelee.

Umeme na maji pia viulizwe. Simama kwenye mita, fuata kwa macho laini inakoelekea. Huku kwetu wengi wamesahau waya wa pampu ya kisima: umetoka jikoni, umepita chini ya ua, mara nyingi bila hata bomba la kuukinga. Zima swichi kubwa ya nyumba, halafu chukua umeme wa mashine kutoka jenereta au laini nyingine iliyo mbali na unapovunja. Funga pia maji ya kutoka tangini.

Kazi ambazo usizianze

Slebu ya juu, boriti, nguzo, ngazi: hizo ziache mpaka injinia aliyesajiliwa aje aangalie, na vishikizo vya kuegemeza viwekwe. Sisemi hivi kwa woga. Hewa ya chumvi ya pwani hula chuma ndani ya zege. Chuma kikiota kutu huvimba na kubandua zege kutoka ndani, ndiyo yale mabamba yanayopukutika chini ya roshani. Kwa nje waona zege, ndani chuma kimebaki nusu. Roshani inayoning'inia bila nguzo inabebwa na vyuma vilivyolala upande wa juu, karibu na ukuta. Ukianza kuvunja pale ukutani umekata mkono unaoishikilia, na itashuka nzima pamoja nawe. Huegemezwa kwanza kutoka chini, kisha huvunjwa kutoka ukingo wa nje kurudi ukutani, kidogo kidogo.

Tena usirundike vifusi juu ya slebu ya ghorofa. Mita moja ya ujazo ya zege ina takriban kilo 2,400. Rundo linalofika kifuani ni zaidi ya tani moja kwa kila mita ya mraba, na hakuna sebule iliyojengwa kubeba hayo.

Na Mji wa Kale, tafadhali. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa, zimeshikana nyumba kwa nyumba, na mtikisiko wa breka kubwa hutembea mpaka kwa jirani wa tatu. Eneo lile linahifadhiwa, kwa hiyo kibali kitangulie. Mimi pale navunja kwa nyundo na tindo la mkono, au breka ya kilo tano, na sioni haraka.

Mashine na waya wake

Kwa sakafu ya inchi nne iliyo ardhini, breka ya umeme ya kilo 10 hadi 17 inatosha. Ya kilo tano ni ya kubandua vigae na kuchimbia mabomba ukutani. Watu hukodi kubwa kuliko kazi wakidhani itamaliza upesi, kumbe kuiinua mara mia ndiko kunakomaliza kiuno. Breka ya petroli na jenereta vikae nje kabisa, mbali na madirisha, kwa sababu moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, na imewaua watu vyumbani.

Dukani usibebe mashine kabla ya kuitazama. Bonyeza swichi na uachie: isimame hapo hapo. Vuta tindo: lisitoke kwenye kishikio chake. Pitisha waya wote mkononi, inchi kwa inchi, hasa pale unapoingia kwenye mashine na kwenye plagi. Waya uliofungwafungwa kwa utepe wa kufungia nyaya urudishe. Angalia miguu ya plagi pia. Chumvi ya hewa yetu huiotesha kutu ya kijani, kutu hiyo huleta joto, na joto huyeyusha soketi.

Breka ya wati 1,500 kwenye umeme wetu wa volti 240 huvuta zaidi kidogo ya ampea 6. Soketi ya ampea 13 inaibeba vizuri, ila ekstensheni nyembamba ya televisheni haiibebi. Tumia waya wa milimita 2.5 za mraba, na ikiwa ni ile ya kuzungushwa kwenye gurudumu, ifungue yote hata kama wahitaji mita tano tu. Ikibaki imejiviringa hupata joto mpaka plastiki ikashikana. Na kwa kuwa nimekwambia utie maji, lazima pawe na kile kifaa cha kukata umeme unapovuja, mafundi wa stima hukiita RCD, cha miliampea 30. Vipo vya kuchomeka kwenye soketi kabla ya ekstensheni. Bonyeza kitufe chake cha majaribio kila asubuhi. Kisipokata, hakuna kazi siku hiyo. Waya uning'inie juu ya kitu, usilale kwenye maji, na viungio vyote viwe pakavu.

Kuvunja kwenyewe

Miguuni buti lenye chuma mbele. Nimewaona vijana wakivunja na champali na kuendelea kucheka mpaka bamba linapolala kwenye vidole. Suruali ndefu, si kikoi. Miwani ya kazi iliyoziba pembeni, maana kipande hakiji kwa mbele tu. Glavu. Funga eneo kwa kamba, na mtoto wa nyumba ile asiwe na njia ya kufika. Watoto wa uani hupenda kutazama breka, hivyo namwomba mama yao mapema awapeleke kwa jirani.

Zege huvunjika likiwa na pa kwenda. Hiyo ndiyo siri yote ya kazi hii. Ukitia tindo katikati ya slebu nzima, utalisaga tu mpaka mchana. Anza penye ukingo. Pasipo na ukingo, fungua tundu la ukubwa wa sufuria katikati, na tundu hilo ndilo ukingo wako. Simama juu ya sehemu isiyovunjwa, ukingo ukiwa mbele yako, na urudi nyuma kadiri unavyovunja, hivyo miguu iko juu ya kitu kizima siku zote.

Weka ncha kama sentimita 10 kutoka ukingoni. Shika mashine wima, bonyeza, iachie uzito wake. Usiilalie kifua. Tindo likishauma, vuta mpini kidogo upande wako ili ncha isukume kipande kwenda ukingoni. Katika sekunde tano au sita utauona ufa, mstari mwembamba wenye unyevu kama unywele, ukikimbia mpaka ukingoni. Hapo achia, hama. Zege likitoa unga badala ya kupasuka, umeuma kipande kikubwa mno: sogea karibu na ukingo. Unga huo ndio vumbi nililolisema, kwa hiyo fundi anayeuma vipande vidogo anavuta vumbi pungufu na anamaliza mapema.

Tindo likinasa, zima, chomoa plagi, liache humo humo. Tia tindo la pili kwenye mashine uvunje pembeni yake mpaka lilegee. Ukilivuta kwa mgongo, mgongo ndio utakaolegea. Na ukilitoa usiliguse ncha, lina moto wa kuunguza.

Vipande viwe vya kubebeka. Bamba la sentimita 50 kwa 50 lenye unene wa 10 lina kilo 60. La 30 kwa 30 lina kama 22. Pigia hesabu ya mtu wa mkokoteni pia, naye ana kiuno.

Ndani ya slebu nyingi utakuta wavu wa chuma. Usiupige kwa breka, unarusha tindo. Vunja zege mpaka wavu ubaki wazi, kisha kata kwa mkasi mkubwa wa vyuma, ukiwa umekanyaga upande unaobaki, kwa sababu waya uliokunjwa ukikatwa hufyatuka kuelekea usoni.

Mikono na masikio

Breka nyingi zinazidi desibeli 100. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini zinakataza mtu kukaa kwenye zaidi ya desibeli 90 kwa saa 8 bila kinga, na kila desibeli ikiongezeka muda unaovumilika hupungua sana. Vaa viziba masikio, na ndani ya chumba ongeza vile vya kufunika juu yake. Mkubaliane ishara za mikono kabla: kiganja juu ni simama, na yeyote anaruhusiwa kuionyesha, hata kibarua wa siku ya kwanza.

Mikono ndiyo iliyonifundisha polepole. Ijumaa moja nilisimama mbele ya kioo nikashindwa kufunga kifungo cha kanzu. Vidole vilikuwepo, nilikuwa nikiviona, lakini kifungo sikukisikia. Kilikuwa kama kimefungwa ndani ya pamba. Mke wangu akanifungia bila kusema neno. Wiki ile nilikuwa nimeshika breka saa tano, sita kila siku, na tindo lilikuwa butu.

Mtikisiko huharibu mishipa ya damu na ya fahamu ya vidole, na madhara yakizidi hayaponi. Kijitabu cha mashine huandika ukali wa mtikisiko wake kwa m/s², yaani mita kwa sekunde mraba. Kwa kipimo wanachotumia Uingereza na Ulaya, mashine ya 10 m/s² hufika kiwango cha kuchukua hatua baada ya dakika 30 za kubonyeza, na kikomo cha siku nzima baada ya saa 2. Ya 20 hufika kikomo hicho kwa nusu saa. Hesabu ni ya muda swichi imebonyezwa, si ya siku ya kazi. Sasa tunapokezana: dakika 15 mmoja, kisha mwingine, na simu inalia kutukumbusha. Tindo linolewe, maana butu hutikisa zaidi na kuchelewesha. Shika mpini kwa wepesi unaotosha kuiongoza mashine. Ukianza kusikia sisimizi vidoleni usiku, punguza siku hiyo hiyo, na umwambie daktari unafanya kazi gani.

Grainda

Kukata mstari kwanza kwa grainda yenye diski ya almasi huzuia ufa usikimbilie vigae vya jirani. Lakini katika vifaa vyangu vyote hiki ndicho ninachokiogopa. Ile ya inchi tisa huzunguka zaidi ya mara 6,000 kwa dakika. Diski ikibanwa kwenye mfereji, mashine yote huruka kuelekea kwako. Kinga yake isitolewe, mikono miwili wakati wote, simama kando ya mstari wa diski, usikate ukiwa juu ya ngazi, wala usiipindishe ikiwa ndani. Kasi iliyoandikwa kwenye diski iwe sawa na ya mashine au zaidi. Zile diski za kukatia chuma zina tarehe ya mwisho kwenye pete ya katikati, na unyevu wa pwani huzidhoofisha. Hifadhi pakavu, na iliyolowa itupe. Vumbi la grainda linazidi la breka kwa mbali, kwa hiyo itafute yenye kifuniko cha kuunganishwa na mashine ya kunyonya vumbi, au iliyoundwa kutumia maji. Ya kawaida usiimwagie maji, mota iko wazi. Na cheche: mtungi wa gesi wa jikoni utolewe nje kabla hujawasha.

Saa za kazi

Januari na Februari, kuanzia saa tano mchana breka ni adhabu. Tunaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa kazi za mkono, breka inaanza majirani wakishaamka, na saa tano tunazima. Maji ya kunywa yawe karibu, madafu yakipatikana ni heri. Anayeacha kutoka jasho au anayejibu maneno hovyo aketi kivulini, amwagiwe maji, na apelekwe hospitali mara moja. Ramadhani sikubali kazi za breka za siku nzima. Aliyefunga hapaswi kushika kilo 16 juani. Adhana ikilia mashine inanyamaza, na Ijumaa kuanzia saa sita haiwashwi. Majirani wakijua hivyo tangu mwanzo, hata kelele yenyewe huivumilia.

Ukiwa umeajiri watu, ujue sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 inakutaka wewe uwape vifaa vya kinga bila kuwakata mshahara. Ipo na sheria ya fidia ya mwaka huo huo, inayogusa ajali na magonjwa ya kazini pia. Ami yangu hakuwahi kuandikishwa popote, alilipwa jioni kwa jioni. Kwa hiyo kibarua wangu naandika jina lake, siku na kazi aliyofanya kwenye daftari, apate cha kuonyesha siku akikihitaji.

Jioni

Lowesha vifusi kabla ya kupakia. Chomoa mashine, futa kwa kitambaa chenye maji, paka mafuta kwenye shingo ya tindo. Usipulize nguo kwa kompresa wala kuzikung'uta. Sisi tunavua pale pale kwenye eneo la kazi, tunaosha uso, mikono na nywele, tunavaa nguo safi, na za kazi zinaingia kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa. Nyumbani mfuko unafunguliwa ndani ya beseni lenye maji tayari, uani, na nazifua mwenyewe. Zamani ami akirudi, sisi watoto tulimkimbilia na kumrukia kifuani, na shangazi alizikung'uta zile nguo mlangoni kabla ya kuzifua.